Reli ya Pwani ya Sanriku: Miaka Arobaini na Siku Tano

Wazo la kujenga reli ya Sanriku lilitokana na msiba. Jioni ya tarehe 15 Juni 1896, watu wa pwani ya Mkoa wa Iwate, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Honshu nchini Japani, walikuwa katika sikukuu ya watoto wa kiume, ambayo kwa kalenda ya zamani huangukia siku ya tano ya mwezi wa tano. Mtikisiko uliotangulia ulikuwa mdogo na wengi hawakuujali. Kisha bahari ikapanda. Huko Ryori maji yalifika mita 38 juu ya usawa wa bahari, na pwani nzima ikapoteza watu wapatao 22,000.

Pwani hiyo imekatwakatwa na ghuba nyembamba. Kila ghuba ina kijiji chake, na kati ya ghuba na ghuba kuna mlima unaoshuka wima hadi majini. Mtu wa kijiji kimoja aliweza kuwaona wa kijiji cha pili wakivua, lakini kuwafikia kwa miguu kulimchukua nusu siku. Ndiyo maana msaada ulikawia kufika mwaka ule. Mwaka huohuo wa 1896 wenyeji wakaanza kuomba reli ipite pwani nzima, kutoka kusini hadi kaskazini, ili siku nyingine bahari ikija wasikatike na nchi.

Walisubiri kwa muda mrefu. Reli zilifika pwani kwa vipande, kila kipande kikishuka kutoka bara au kutoka mji wa jirani. Ya Hachinohe ilifika Kuji mwaka 1930, ya Morioka ikafika Miyako mwaka 1934, na ya Ofunato ikaishia Sakari mwaka 1935. Kutoka Miyako reli ikateremka kusini hadi Kamaishi, mji wa viwanda vya chuma, mwaka 1939. Katikati ya safari hiyo, Machi 1933, tsunami ilipiga tena na kuua watu wapatao 3,000. Bado palibaki mapengo mawili makubwa: kati ya Sakari na Kamaishi upande wa kusini, na kati ya Miyako na Kuji upande wa kaskazini.

Shirika la Reli la Taifa lilianza kuyaziba katika miaka ya 1970. Kipande cha Sakari kilifika Ryori mwaka 1970 na Yoshihama mwaka 1973. Miyako iliunganishwa na Taro mwaka 1972, na Kuji na Fudai mwaka 1975. Vipande hivi vifupi viliishia njiani, kwa hiyo abiria walikuwa wachache, na uchache huo ndio uliokuja kutumiwa kama ushahidi dhidi yake. Mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kuliokoa shirika lililokuwa limezama katika madeni. Njia zote zenye abiria wachache zikaorodheshwa zifungwe au zikabidhiwe wengine, na ujenzi wa sehemu zilizobaki ukasimamishwa. Sehemu kubwa ya mahandaki ilikuwa imekwisha kuchimbwa na madaraja yamekwisha kusimama. Watu walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 80, na sasa waliambiwa reli yao haina faida.

Hawakukubali. Mkoa wa Iwate, miji na vijiji vya pwani, pamoja na kampuni na benki za huko, walichanga mtaji na tarehe 10 Novemba 1981 wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Reli ya Sanriku, ambayo wenyeji huiita Santetsu. Mpango huo wa serikali za mitaa kushirikiana na wafanyabiashara Wajapani huuita sekta ya tatu, na Sanriku ilikuwa reli ya kwanza kuchukuliwa namna hiyo kutoka katika orodha ya zile zilizohukumiwa kufungwa. Tarehe 1 Aprili 1984 treni zilianza kupita pande zote mbili: kilomita 36.6 kutoka Sakari hadi Kamaishi, na kilomita 71 kutoka Miyako hadi Kuji. Katika mwaka wa kwanza abiria walizidi milioni 2.6, na kwa karibu miaka kumi kampuni ilipata faida, jambo ambalo wataalamu wa Tokyo hawakulitarajia.

Faida hiyo haikudumu. Vijana walihamia mijini, waliobaki wakanunua magari, na kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hesabu za kampuni zikawa za hasara kila mwaka. Kufikia mwaka 2010 abiria walikuwa wameshuka chini ya milioni moja. Mkoa na miji iliendelea kuziba pengo, na kila bajeti ilipojadiliwa lilizuka swali lilelile: hadi lini?

Wakati huo stesheni zilikuwa zimeshakuwa sehemu ya maisha ya vijiji. Nyingi hazina mfanyakazi hata mmoja. Horinai, kwa mfano, ni jukwaa moja juu ya bandari ndogo ya wavuvi. Ukisimama pale unaziona boti, kuta za kuzuia mawimbi, na zaidi ya hapo bahari tupu. Jirani na hapo treni hupita juu ya daraja la Osawa, mita 30 kutoka chini, na madereva wana desturi ya kusimama kidogo ili abiria watazame na kupiga picha. Upande wa kusini kuna Koishihama, ambako wavuvi hufuga hotate, chaza wapana wa bahari ya baridi. Katika chumba cha kusubiria cha stesheni hiyo makombe ya hotate yametundikwa kwa nyuzi, safu juu ya safu, na kila kombe limeandikwa ombi la msafiri: mmoja anaomba mume, mwingine afya ya mama yake, mwingine kufaulu mtihani. Upepo wa baharini ukiingia mlangoni makombe hugongana, na chumba kizima hulia.

Stesheni za kaskazini zilipewa lakabu, na mbili kati yake zilitoka katika hadithi za Miyazawa Kenji, mshairi na mwandishi wa Iwate anayependwa Japani nzima. Tanohata iliitwa Campanella na Shimanokoshi ikaitwa Carbonard. Miyazawa alizaliwa Agosti 1896, miezi miwili baada ya tsunami ile kubwa, akafariki Septemba 1933, miezi sita baada ya ile ya pili. Maisha yake yote yalikaa kati ya misiba hiyo miwili. Pale Shimanokoshi, stesheni iliyokuwa karibu kabisa na ufukwe, lilisimamishwa jiwe lenye shairi lake.

Ijumaa ya tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 9.0. Treni mbili za Sanriku zilikuwa njiani. Ya kaskazini ilikuwa karibu na Shirai-Kaigan, na dereva aliisimamisha mahali pa juu ambapo maji hayakufika. Ya kusini ilikuwa imetoka Yoshihama na abiria wawili tu, ikaingia katika handaki la Kuwadai lenye urefu wa karibu kilomita 4, ikasimamia humo. Dereva alingoja, kisha akawaongoza abiria wake kwa miguu gizani hadi nje. Behewa lao lilibaki ndani ya mlima hadi Juni, kwa sababu nje reli ilikuwa imekatika. Wenyeji hulitaja kuwa behewa la muujiza, nami naona wana haki, kwani mengine matatu yaliyokuwa katika karakana ya Sakari yalizama yote. Hakuna abiria wala mfanyakazi aliyepoteza maisha ndani ya treni za Sanriku siku hiyo.

Makao makuu ya kampuni yako katika stesheni ya Miyako. Umeme ulikatika, simu zikanyamaza, na nje theluji ilikuwa ikianguka. Katika jukwaa palikuwa na behewa moja la dizeli. Injini yake ilipowashwa ilitoa mwanga na joto, basi rais wa kampuni, Mochizuki Masahiko, na wafanyakazi wake wakahamia humo na kuligeuza ofisi ya dharura. Reli nyingi za Japani hutegemea nyaya za umeme zinazopita juu. Reli hii ya mashambani ilikuwa bado inatumia dizeli, na usiku ule dizeli ndiyo iliyowapa taa.

Tahadhari ya tsunami ilipoondolewa tarehe 13, Mochizuki alitoka kwenda kuikagua njia. Huko Taro, mji uliokuwa maarufu kwa ukuta wake wa bahari wenye kimo cha mita 10 na urefu wa zaidi ya kilomita 2, maji yalikuwa yamevuka ukuta na kufagia nyumba. Barabara zilifunikwa na vifusi. Watu walikuwa wakitembea juu ya tuta la reli, wengine wamebeba mizigo mgongoni, wakitafuta jamaa na chakula, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki wazi. Alipowaona, aliamua treni zirudi popote ambapo reli bado ipo, bila kungoja fedha wala mpango wa ukarabati wa njia nzima.

Tarehe 16 Machi, siku tano baada ya maafa, treni iliondoka Kuji kuelekea Rikuchu-Noda, mwendo wa kilomita 11 hivi. Taa za ishara hazikufanya kazi, kwa hiyo ilikwenda polepole huku ikipiga honi njia nzima ili watu waliomo katika vifusi wasikie. Waliokuwa wakichambua mabaki ya nyumba zao walisimama na kupunga mikono. Tarehe 20 treni zikafika Taro kutoka Miyako, na tarehe 29 zikaendelea hadi Omoto. Wanajeshi walikuwa wamesaidia kusafisha njia. Hadi mwisho wa mwezi huo hakuna aliyedaiwa nauli.

Katika miaka yote arobaini ya Sanriku, sijaona kitu kinachonigusa kuliko siku hizo tano. Kampuni iliyokuwa ikiitwa mzigo ndiyo iliyosogea mapema, na sababu yake inaeleweka. Waliotoa uamuzi walikuwa Miyako penyewe, katika baridi ileile, na wenye hisa walikuwa miji ileile iliyopigwa. Hakuna faili lililopelekwa Tokyo kuombewa ruhusa ya kujua kama kijiji cha Noda kina abiria wa kutosha.

Kazi iliyobaki ilikuwa kubwa mno kwa kampuni ndogo. Njia iliharibika mahali 317, na gharama ilikadiriwa kwa mabilioni ya yeni; serikali kuu na serikali za mitaa zikabeba karibu yote. Sehemu mbaya kuliko zote ilikuwa Shimanokoshi. Daraja refu la zege lililopita juu ya kijiji lilibomoka, na stesheni ikaondoka isibaki ukuta. Vilivyobaki ni ngazi za kupandia jukwaani na lile jiwe la shairi la Miyazawa. Wahandisi hawakulirudisha daraja. Walijenga tuta nene la udongo na zege ili reli iwe pia kinga ya pili dhidi ya bahari, na stesheni ikasogezwa mahali salama zaidi. Ngazi na jiwe viliachwa mahali pake, na abiria wanaoteremka huenda kuvitazama.

Msaada wa mabehewa mapya ulitoka mbali. Kuwait iliipa Japani mapipa milioni 5 ya mafuta ghafi baada ya maafa, thamani yake ikapelekwa katika mikoa iliyoathirika, na Iwate ikatenga sehemu ya fedha hizo kuinunulia Sanriku mabehewa. Ubavuni mwake wameandika shukrani kwa Kuwait, kwa Kiarabu, Kijapani na Kiingereza, pamoja na nembo ya nchi hiyo. Msemaji wa Kiarabu anayesubiri treni katika pwani hii ya mbali anaweza kusoma lugha yake juu ya behewa la wavuvi wa Iwate.

Sakari hadi Yoshihama ilifunguliwa Aprili 2013. Mwezi huohuo televisheni ya taifa, NHK, ilianza kuonyesha tamthilia ya asubuhi iitwayo Amachan, iliyoandikwa na Kudo Kankuro, kuhusu msichana anayejifunza uzamiaji wa wanawake wa Kuji. Treni za Sanriku zimo tangu mwanzo, na Horinai ndiyo iliyotumika kama stesheni ya kijiji cha hadithi. Nchi nzima ikaitazama. Watalii walijaa Kuji, wakagombania chakula cha kisanduku cha uni, yule kiumbe wa miiba wa baharini, kilichokuwa kikiuzwa stesheni kwa idadi ndogo. Tarehe 5 Aprili 2014 njia ya kusini ilikamilika tena, na siku iliyofuata ya kaskazini.

Katikati, kati ya Kamaishi na Miyako, bado palikuwa kimya. Kipande hicho cha kilomita 55.4 kilikuwa mali ya JR Mashariki, mrithi wa Shirika la Reli la Taifa. Kampuni hiyo ilipendekeza reli isirudi, mahali pake papite mabasi katika njia maalumu, kama ilivyokuja kufanyika kusini mwa Sakari. Miji ya Kamaishi, Otsuchi, Yamada na Miyako ilikataa. Otsuchi ilikuwa imempoteza meya wake pamoja na maofisa wengi wa halmashauri, na kwa mji wa namna hiyo stesheni ilikuwa na uzito usiopimika kwa idadi ya tiketi. Baada ya mazungumzo ya miaka, ilikubaliwa kwamba JR Mashariki itaijenga upya njia hiyo, kazi ya yeni bilioni 21 kwa kuchangiana na fedha za umma, kisha itaikabidhi kwa Sanriku pamoja na yeni bilioni 3 za kuisaidia kuanza. Wapo waliosema kampuni ndogo inapewa mzigo wa kampuni kubwa, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa.

Tarehe 23 Machi 2019 treni ilipita kutoka Sakari hadi Kuji bila kukatika, kilomita 163. Njia iliitwa Rias, nayo ndiyo ndefu kuliko zote za sekta ya tatu Japani. Maombi ya 1896 yalikuwa yametimia, na mwenye njia alikuwa mmoja. Stesheni mpya ya Otsuchi ilipewa paa la umbo la kisiwa kidogo cha ghuba yao. Unosumai, katika mji wa Kamaishi, ambako wanafunzi wa sekondari waliwashika mkono wadogo zao wa msingi na kukimbilia milimani mwaka 2011, palijengwa uwanja wa raga mahali pa shule zao zilizofagiwa. Kamaishi ni mji wa raga. Timu ya kiwanda chake cha chuma ilitwaa ubingwa wa taifa mara saba mfululizo. Septemba 2019 uwanja huo ulipokea mechi ya Kombe la Dunia, Uruguay ikaifunga Fiji 30 kwa 27, na wengi walifika kwa treni.

Mechi ya pili, Namibia na Kanada, ilipangwa tarehe 13 Oktoba. Haikuchezwa. Kimbunga Hagibis kilipita usiku uliotangulia, na mvua ikang'oa matuta na kumwaga matope juu ya reli mahali pengi. Wachezaji wa Kanada walishika makoleo wakasaidia kuzoa matope mitaani. Miezi saba baada ya sherehe ya kuunganishwa, sehemu kubwa ya njia ilikuwa imefungwa tena. Lakini safari hii hakuna aliyeuliza kama itengenezwe. Tarehe 20 Machi 2020 kipande cha mwisho kilifunguliwa, na siku mbili baadaye moto wa Olimpiki ya Tokyo, uliokuwa ukizungushwa katika mikoa iliyopigwa na maafa, ulipanda treni ya Sanriku kutoka Miyako kuelekea Kamaishi.

Tarehe 1 Aprili 2024 miaka arobaini ilitimia. Hali ya kampuni haijawa nyepesi. Barabara kuu ya pwani, kilomita 359 kutoka Sendai hadi Hachinohe, ilikamilika Desemba 2021 kama mradi wa kuinua pwani baada ya maafa, na karibu yote hupitwa bila malipo. Mwenye gari hufika mapema kuliko treni, inayotumia zaidi ya saa nne kutoka Sakari hadi Kuji. Majira ya baridi Sanriku huweka meza za kotatsu ndani ya behewa, zile zenye joto chini na blanketi juu, wasafiri wakala samaki huku theluji inapita dirishani. Watu huja kutoka mbali kwa ajili hiyo, na fedha yao inasaidia. Hata hivyo abiria wa kila siku ni wanafunzi wa sekondari ambao hawajafikia umri wa kuendesha gari, na wazee waliokwisha kurudisha leseni zao. Hao barabara kuu haiwasaidii, na kila mwaka mkoa na miji hukaa kitako kuhesabu ni kiasi gani watachangia ili treni ya asubuhi isiondolewe.

Stesheni sasa ni 41. Ya mwisho kuongezwa ni Shin-Taro, iliyofunguliwa Mei 2020, kama nusu kilomita kutoka stesheni ya zamani ya Taro. Imeunganishwa na jengo la ofisi ya jiji la Miyako tawi la Taro, hivi kwamba mtu aliyekuja kwa shughuli zake za ofisi hushuka jukwaani na kuingia moja kwa moja hadi dirishani.